Uzito wa Ushahidi wa Modeli za Kompyuta za Pande Tatu katika Uchanganuzi wa Uhandisi Mitambo

Ikisiri

Makala haya yanaeleza jinsi modeli ya kompyuta ya pande tatu inavyogeuzwa kuwa hesabu ya mkazo katika vipuri na miundo, na yanachunguza uzito wa ushahidi unaotokana na hesabu hiyo. Hoja yake ni kwamba modeli hujibu swali lililoandikwa na mchanganuzi, wala si lazima liwe swali linaloulizwa na kipuri chenyewe. Tofauti kati ya maswali hayo mawili ndiyo inayopaswa kuandikwa, kupimwa na kutahiniwa. Mifano iliyotumika ni boriti iliyoshikwa upande mmoja, bamba lenye tundu, kuzama kwa kitako cha jukwaa la Sleipner A nchini Norwei mwaka 1991, na majaribio ya mabawa ya ndege za Boeing 777 na Airbus A380.

Utangulizi

Msomaji wa tasnifu za uhandisi mitambo hukutana na picha ya aina moja tena na tena. Kipuri kimechorwa kwa pande tatu, kimepakwa rangi kutoka buluu hadi nyekundu, na pembeni pana kipimo cha rangi chenye tarakimu nne au tano baada ya nukta. Chini ya picha huandikwa kwamba mkazo wa juu kabisa ni megapaskali kadhaa, kwamba kiasi hicho ni kidogo kuliko uwezo wa chuma kilichotumika, na kwamba kwa hiyo usanifu ni salama. Mtahini akiuliza kiasi hicho kilipatikanaje, hutajiwa jina la programu.

Jibu hilo halitoshi, na si kwa sababu programu ni mbovu. Programu kubwa za uchanganuzi zimejaribiwa kwa miongo kadhaa na ni nadra sana kukosea hesabu zilizopewa. Kinachohitaji kutetewa ni kile kilichotangulia hesabu: umbo lilirahisishwa vipi, liligawanywa vipande vya ukubwa gani, lilishikwa wapi, na lilisukumwa na nini. Mambo hayo huamuliwa na mtu, na mengi kati yake hayaonekani katika picha ya mwisho.

Inafaa ikumbukwe kwamba kuchora kwa kompyuta na kuchanganua kwa kompyuta ni fani mbili zilizozaliwa mbalimbali. Mwaka 1956 M. J. Turner, R. W. Clough, H. C. Martin na L. J. Topp walichapisha makala kuhusu ukakamavu na mnepo wa miundo changamano. Tatizo lililowasukuma lilikuwa mabawa ya ndege, na kazi yenyewe ilianzia katika kampuni ya Boeing. Clough ndiye aliyeipa mbinu hiyo jina la elementi zenye kikomo, mwaka 1960, ingawa mwanahisabati Richard Courant alikwisha kulitumia wazo la kugawa eneo katika pembetatu mwaka 1943. Kwa upande wa uchoraji, Ivan Sutherland aliwasilisha programu yake ya Sketchpad huko MIT mwaka 1963, na nchini Ufaransa Pierre Bézier wa kampuni ya magari ya Renault alikuwa akitafuta namna ya kueleza kwa hisabati mikunjo ya bodi za magari. Leo kazi zote mbili hufanywa katika dirisha moja la skrini. Urahisi huo una faida kubwa, lakini umefifisha mpaka ambao waasisi wa fani hizi hawangeweza kuusahau: umbo ni uamuzi wa msanifu na linaweza kuwa sahihi kabisa, ilhali mkazo ni kadirio.

Neno moja kuhusu istilahi. Kiswahili cha uhandisi bado hakijatulia, na mwandishi wa makala haya ameona heri kueleza kuliko kubuni. Mkazo hapa ni kani inayobebwa na kila kipande cha eneo la maada, na hupimwa kwa megapaskali. Mnepo ni umbali ambao kitu hupinda kinapobebeshwa mzigo. Ukakamavu ni ukaidi wa kitu dhidi ya kupinda huko.

Kutoka umbo hadi milinganyo

Umbo la pande tatu linapotoka mikononi mwa msanifu huwa na mambo mengi yasiyohitajika katika uchanganuzi: hesi za skrubu, namba ya kipuri iliyochongwa ubavuni, tundu dogo la kupitishia grisi. Mchanganuzi huyaondoa, kwa kuwa kila jambo dogo hudai vipande vidogo vya kulifuata, na vipande vidogo hula kumbukumbu ya kompyuta. Hapa ndipo uamuzi wa kwanza unapofanyika kimyakimya. Tundu la grisi lililo mbali na njia ya mzigo halina madhara likiondolewa. Tundu hilohilo likiwa mahali ambapo ekseli inapinda zaidi, ndipo hasa ufa utakapoanzia. Programu nyingi zina kitufe cha kuondoa matundu yote yaliyo chini ya kipenyo fulani, na kitufe hicho hakijui ekseli inapinda wapi.

Baada ya kusafishwa, umbo hugawanywa kuwa wavu wa elementi, ambazo kwa kawaida ni piramidi zenye nyuso nne za pembetatu au matofali yenye nyuso sita. Pembe za elementi hukutana katika nodi. Kila nodi ina uhuru wa kusogea katika pande tatu, kwa hiyo wavu wenye nodi 100,000 huzaa milinganyo 300,000 hivi, ambayo kompyuta huitatua kwa pamoja. Kinachotafutwa katika milinganyo hiyo ni msogeo wa nodi. Mkazo hupatikana baadaye, kwa kuangalia jinsi msogeo unavyobadilika kutoka nodi moja hadi nyingine ndani ya elementi.

Mpangilio huo una matokeo ambayo hayaelezwi vya kutosha madarasani. Kwa kuwa mkazo hutokana na mabadiliko ya msogeo, usahihi wake huwa nyuma ya usahihi wa msogeo: wavu unaotoa mnepo mzuri waweza bado kutoa mkazo mbaya. Tena, ndani ya kila elementi programu hudhani kwamba msogeo hufuata kanuni sahili, kwa mfano mstari ulionyooka. Maada halisi haibanwi na dhana hiyo. Inapinda kadiri inavyotaka. Modeli basi, kwa mbinu ya kawaida inayotafuta msogeo kwanza, huwa kakamavu kuliko kitu inachokiwakilisha. Kosa la wavu mnene wa vipande vikubwa kwa hiyo lina mwelekeo: kwa kawaida huonesha mnepo mdogo kuliko ulivyo, na mara nyingi mkazo mdogo kuliko ulivyo. Laiti kosa lingeelemea upande wa tahadhari, lingegharimu chuma cha ziada tu. Hili linaelemea upande wa hatari.

Boriti moja na bamba moja

Tuchukue kitu ambacho kila mwanafunzi wa mwaka wa pili anaweza kukihesabu kwa kalamu. Boriti ya chuma ina urefu wa milimita 500, upana wa milimita 20 na kimo cha milimita 40. Imeshikwa ukutani upande mmoja, na upande wa pili inasukumwa chini kwa kani ya nyutoni 1,000. Moduli ya Young ya chuma ni megapaskali 210,000. Kanuni ya kawaida ya boriti inatoa mkazo wa juu wa megapaskali 93.75 kwenye ukuta, na mnepo wa milimita 1.86 kwenye ncha.

Boriti hiyohiyo ikiundwa kwa kompyuta kwa piramidi sahili, zenye nodi kwenye pembe nne tu, na kimo chake kikapewa safu moja ya elementi, mnepo utakaotoka utakuwa mdogo sana kuliko milimita 1.86. Ndani ya kila piramidi ya aina hiyo mkazo ni mmoja, haubadiliki. Boriti inayopinda, kwa upande wake, huvutika juu na kubanwa chini. Kipande kisichoweza kubeba hali hizo mbili kwa wakati mmoja hakiwezi kupinda kama boriti. Dawa inajulikana: kutumia piramidi zenye nodi za ziada katikati ya kingo zake, au kuongeza safu. Ajabu ni kwamba programu haitoi onyo lolote, na picha ya boriti isiyopinda vya kutosha ina rangi nzuri kama za ile inayopinda sawasawa.

Mchanganuzi akipunguza vipande, mnepo utapanda na kutulia karibu na ule wa kalamu. Mkazo utaleta jambo jingine. Kwenye kingo za uso ulioshikwa ukutani, kiasi cha juu kabisa hakitatulia; kitaendelea kupanda kila wavu unapofanywa mwembamba zaidi. Sababu ni kwamba uso huo umezuiwa kabisa, hata usiweze kunenepa au kukonda, ilhali maada iliyo hatua moja mbele iko huru kufanya hivyo. Mahali pa namna hiyo, hisabati ya unyumbufu yenyewe hutoa mkazo usio na ukomo. Ndivyo ilivyo pia kwenye kila kona ya ndani iliyochorwa kali bila mviringo. Namba nyekundu inayosomwa mahali hapo ni kipimo cha ukubwa wa elementi, wala haisemi lolote kuhusu chuma. Mtu akitumia wavu mkubwa atasema kipuri ni salama. Akitumia wavu mdogo atasema kimevunjika. Na kipuri ni kilekile.

Tiba yake si kuikwepa kona, kwa sababu katika kipuri halisi kona ndiyo mahali ufa unapoanzia. Tiba ni kuchora mviringo uliopo kweli, ule unaoachwa na kisu cha mashine ya kukereza, na kuufunika kwa elementi ndogo za kutosha kuufuata. Pale ambapo uso umeshikwa kwa dhana tu, namba ya mahali hapo huachwa na kusomwa nyingine iliyo mbali kidogo, na sababu ya kufanya hivyo huandikwa.

Kwa kupima kama wavu unaweza kufuata mkazo unaokusanyika mahali pamoja, bamba lenye tundu ndilo mwalimu bora. Mwaka 1898 mhandisi wa Kijerumani Gustav Kirsch alionesha kwamba bamba pana mno linapovutwa, mkazo kwenye ukingo wa tundu la mviringo ni mara tatu ya mkazo wa mbali na tundu, hata tundu liwe dogo kiasi gani. Bamba lenye upana wa milimita 100, unene wa milimita 5 na tundu la kipenyo cha milimita 10, likivutwa kwa nyutoni 25,000, lina mkazo wa megapaskali 50 mbali na tundu na karibu megapaskali 151 kwenye ukingo wake. Mwanafunzi anayeanza kwa bamba hili, akapunguza elementi kuzunguka tundu mara tatu au nne mpaka namba itulie jirani na 151, amejifunza mambo mawili kwa gharama ya saa moja: elementi za programu yake zinafanyaje, na ni ngapi zinahitajika kuzunguka mviringo. Pasipo zoezi hilo, hana msingi wa kuamini namba ya kipuri ambacho hakina jibu la kalamu.

Gharama ya kupunguza elementi, hata hivyo, si ndogo. Ukubwa ukipunguzwa nusu katika pande zote tatu, idadi yao huwa mara nane. Ndiyo maana wavu hupunguzwa pale tu mkazo unapobadilika upesi. Katika vyuo vyetu kuna kikwazo kingine: matoleo ya bure ya baadhi ya programu za kibiashara huwekewa ukomo wa idadi ya nodi, na mwanafunzi hulazimika kusimama mahali ukomo ulipomsimamisha badala ya mahali namba ilipotulia. Hilo si dhambi, mradi lisemwe. Aidha, kuna programu huria kama CalculiX na Code_Aster zisizo na ukomo huo, na mwandishi wa makala haya haoni sababu ya tasnifu nyingi kuzipuuza isipokuwa mazoea.

Mahali kipuri kinaposhikwa

Wavu ukiwa mzuri, bado haujajibu swali la mzigo na vishikizo. Kosa la wavu linaweza kugunduliwa na mashine, kwa kurudia hesabu kwa elementi ndogo zaidi. Kosa la masharti ya mipaka haligunduliki hivyo. Wavu utatulia vizuri kabisa juu ya jibu la swali lisilo lake.

Chukua kishikizo cha mota kilichofungwa ukutani kwa bolti nne. Njia nyepesi ni kuuzuia uso wote wa nyuma. Kwa kufanya hivyo mchanganuzi ametangaza kwamba ukuta na kishikizo ni kitu kimoja kilichoungana, hata upande wa juu ambao kani ya mota inauvuta utoke ukutani. Katika hali halisi upande huo huachana na ukuta kwa kiasi kidogo sana, na mzigo wote wa kuvuta huhamia kwenye bolti mbili za juu na kwenye maada inayozizunguka. Modeli ya kwanza haitaonesha mkazo wowote wa kutisha mahali hapo, kwa sababu imeukataza usitokee. Modeli inayoruhusu nyuso kugusana na kuachana, yenye bolti zilizokazwa kabla ya mzigo, ni ndefu kutatua na mara nyingi hugoma; lakini ndiyo inayouliza swali la kishikizo.

Kuna na jambo dogo la vipimio, ambalo huonekana la kitoto mpaka limpate mtu. Baadhi ya programu hazijui milimita wala mita. Hupokea namba tupu. Anayefanya kazi kwa milimita, nyutoni na megapaskali hulazimika kuandika wingimasi wa chuma kwa tani kwa milimita ya ujazo, yaani 7.85 × 10⁻⁹, na mvutano wa dunia kama 9,810. Akiandika 7850 kwa mazoea ya mita na kilogramu, kipuri chake kimekuwa kizito mara trilioni moja. Kosa kubwa kiasi hicho hujifichua lenyewe. Linalotisha ni lile la mara mbili au tatu, na njia moja nyepesi ya kulinasa ni kujumlisha kani za vishikizo na kuzilinganisha na mzigo uliotiwa. Zisipolingana, hakuna haja ya kuangalia rangi.

Gandsfjorden, 23 Agosti 1991

Mfano unaofuata si wa mashine. Ni wa saruji na nondo, lakini mbinu iliyouhesabu ni hiyohiyo inayohesabu ekseli, na umechunguzwa kuliko mingi ya aina yake.

Sleipner A lilikuwa jukwaa la kuzalishia gesi na mafuta katika Bahari ya Kaskazini, lililokusudiwa kusimama mahali penye kina cha maji cha mita 82. Kitako chake kilikuwa kundi la seli 24 za zege zenye eneo la meta za mraba 16,000 hivi. Nne kati yake zilirefushwa juu kuwa minara ya kubeba sitaha. Seli za mviringo zinaposimamishwa zikigusana, huacha kati yao nafasi za pembe tatu. Nafasi hizo zilikuwa wazi kwa juu, kwa hiyo maji ya bahari yaliingia na kuzisukuma kuta zake kwa nguvu yote ya kina, ilhali upande wa pili wa ukuta seli hazikuwa zimejaa. Kuta hizo ndizo zilizobeba tofauti ya shinikizo.

Tarehe 23 Agosti 1991, katika ghuba ya Gandsfjorden karibu na Stavanger, kitako kilikuwa kikishushwa taratibu kwa kuingiziwa maji, ikiwa ni maandalizi ya kuunganishwa na sitaha. Ukuta wa nafasi mojawapo ulipasuka, maji yakaingia kuliko pampu zilivyoweza kuyatoa, na kitako kikazama. Kilipokuwa kikishuka seli zilibomoka, na kishindo chake kilinaswa na vipima tetemeko kwa ukubwa wa 3.0. Kilichobaki ni kifusi chini ya mita 220 za maji. Hakuna aliyefariki. Hasara ya kiuchumi ilikadiriwa kuwa dola milioni 700 za Marekani.

Uchunguzi, ambao taasisi ya SINTEF ya Norwei ilihusika nao, uligundua mambo mawili yaliyokutana. La kwanza ni la modeli. Uchanganuzi ulifanywa kwa programu ya NASTRAN, na wavu katika kuta za nafasi za pembe tatu ulikuwa wa elementi kubwa mno zilizopindika umbo. Mkazo wa kukata ulipotolewa katika elementi hizo ulikuwa pungufu kwa asilimia 47 hivi, na kuta zikasanifiwa nyembamba kuliko ilivyopasa. La pili ni la ufundi wa zege: nondo maalumu zenye vichwa zilizopaswa kuufunga ukuta hazikuwa na urefu wa kutosha mahali palipohitajika. Hesabu iliyorudiwa kwa wavu mwembamba zaidi ilionesha kwamba kuta zingeshindwa kwenye kina cha mita 62. Ajali ilitokea kwenye mita 65.

Namba hizo mbili za mwisho zastahili kutazamwa kwa makini. Mbinu ileile ya elementi zenye kikomo iliyotoa kadirio la hatari ndiyo iliyotabiri ajali kwa tofauti ya mita tatu ilipopewa wavu unaofaa. Hivyo ajali ya Sleipner haithibitishi kwamba modeli za kompyuta haziaminiki. Inathibitisha kwamba usahihi wake hauko ndani ya programu. Pia hesabu ya kalamu ya ukuta mmoja, ukichukuliwa kama boriti fupi inayosukumwa na maji ya mita 65, ilikuwa ndani ya uwezo wa mhandisi yeyote wa mradi huo.

Kilichofuata ni kizuri zaidi kwa mtafiti. Kitako kipya kilihitajika upesi, na wakati huo matokeo ya kompyuta yalikuwa yamepoteza imani. Wahandisi wa kampuni iliyojenga waliamua kusanifu upya kwa mbinu za mkono, zilezile zilizotumika kwa majukwaa ya kwanza ya aina hiyo miongo miwili kabla. Uchanganuzi mpya wa kompyuta ulipokamilika, usanifu ulikuwa umekwisha na sehemu kubwa ya zege ilikuwa imemiminwa. Kitako hicho kiliunganishwa na sitaha mwezi Aprili 1993.

Mabawa mawili

Ikiwa kurudia hesabu kwa wavu mdogo huhakiki kwamba milinganyo imetatuliwa vizuri, ni kipimo cha kitu halisi tu kinachothibitisha kwamba ilikuwa milinganyo inayofaa. Usafiri wa anga umelifanya jambo hili kuwa sheria. Bawa la ndege ya abiria lazima libebe mara 1.5 ya mzigo mkubwa kabisa unaotarajiwa katika maisha yake ya kuruka.

Boeing 777 ilisanifiwa yote kwa modeli za kompyuta za pande tatu, kwa programu ya CATIA. Mwezi Januari 1995 bawa lake lilivutwa juu kwa makusudi mpaka likavunjika, na lilivunjika kwenye asilimia 154 ya mzigo huo. Mtu wa kawaida angedhani fahari ya jaribio hilo ni nguvu za bawa. Mhandisi huitazama ile asilimia nne: bawa ambalo lingevunjika kwenye asilimia 180 lingekuwa limebeba chuma na alumini bure kwa kila safari ya maisha yake, na lingeonesha kwamba modeli haikumjua bawa wake.

Mwezi Februari 2006, huko Toulouse, bawa la Airbus A380 lilivunjika kati ya mara 1.45 na mara 1.5. Halikufika. Tofauti kati ya kadirio na kipimo haikuzidi asilimia chache, na kwa kazi nyingi za uhandisi usahihi huo ungesherehekewa. Hapa ulikuwa upande usiotakiwa wa mstari, na sehemu husika ikaimarishwa kabla ya ndege kupewa cheti mwezi Desemba mwaka huo. Ni vyema mtahini akumbuke mabawa haya anaposoma tasnifu inayotoa kigezo cha usalama cha 1.02 na kuhitimisha kwamba kipuri ni salama. Kampuni zenye maelfu ya wahandisi na vipimio vilivyobandikwa bawa zima hukosea kwa asilimia tatu.

Kinachopaswa kudaiwa na kuhifadhiwa

Mwanafunzi hana bawa la kuvunja. Ana, hata hivyo, vipimio vya mnyumbuko vya kubandika kwenye chuma, saa ya kupimia mnepo, na uzito wa kuning'iniza. Kipimo kimoja cha mnepo wa kipuri halisi chini ya mzigo unaojulikana kina uzito kuliko kurasa kumi za picha. Pale ambapo hata hicho hakiwezekani, tasnifu inapaswa angalau kuonesha jedwali la wavu tatu au zaidi na namba inavyotulia, hesabu ya kalamu ya umbo lililorahisishwa, jumla ya kani za vishikizo, na chanzo cha kila sifa ya maada. Jambo hili la mwisho hupuuzwa kuliko yote. Sifa za chuma huchukuliwa kutoka orodha iliyomo ndani ya programu, ilhali chuma chenyewe kilinunuliwa dukani bila cheti.

Lipo pia suala la hifadhi, ambalo linaihusu hazina ya tasnifu moja kwa moja. Tasnifu huwekwa kama hati ya kusomwa, na picha ya rangi ndiyo yote inayobaki ya modeli. Mtafiti wa baadaye anayetaka kujua kona ile ilikuwa na mviringo wa milimita ngapi, au uso upi ulizuiwa, hana pa kuuliza. Umbo lingeweza kuwekwa katika muundo wa STEP, ambao ni kiwango cha kimataifa kisichofungwa na kampuni moja. Na faili la maandishi linaloingizwa katika programu, lenye nodi, elementi, vishikizo na mizigo, lingewekwa kando yake pamoja na namba ya toleo la programu. Mafaili ya matokeo ni makubwa na huzeeka pamoja na toleo lililoyazaa, kwa hiyo yaweza kuachwa. Faili la maandishi halizeeki hivyo. Data za NASTRAN mpaka leo zinaweza kuandikwa kwa safu za herufi nane nane, urithi wa kadi za kutoboa za miaka ya 1960, na yeyote mwenye mwongozo anaweza kuzisoma kwa macho, mstari kwa mstari, na kuona mahali kipuri kiliposhikwa.